Mtu Amejaribu Kutumia Jina na Namba Yako ya NIDA: Dalili, Chanzo na Hatua za Kuchukua

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa, huku kwetu Mtwara na Lindi, huanza kupigiwa simu na watu wasiowajua. Anayepiga huamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," hutaja majina matatu ya mwenye simu bila kukosea hata moja, kisha husema kwamba malipo ya mnada yamekwama kwa sababu jina limesomeka tofauti na lililoko benki, na kwamba muda si mrefu zitaingia tarakimu sita ambazo mama anaombwa azitaje ili fedha zake zifunguliwe. Mama mwenye tahadhari hukata simu. Fedha zake zimesalimika kwa siku hiyo, lakini bado hajajua mtu yule aliyapata wapi majina yake matatu na namba yake ya NIDA, wala anaweza kuvitumia kwa jambo gani jingine.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Umepangwa kwa dalili, kwa kuwa aliyefikwa na jambo hili huwa hajui jina la kosa alilotendewa; anachojua ni kwamba simu imekufa, au anadaiwa deni lisilo lake, au karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, amemwambia kwamba salfa yake, dawa ya kupulizia mikorosho, ilishachukuliwa. Karibu kila dalili ina sababu ya kawaida isiyo na uovu wowote na ina sababu mbaya. Kazi ya kwanza ni kuzitenganisha, kwa sababu anayeshuku kila kitu huchoka mapema na kuliacha hata lile moja lililostahili kufuatiliwa.

Kwanza, jiulize ni taarifa gani imetoka

Jina na namba ya simu humwezesha tapeli kukupigia, basi. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 humwezesha kuzungumza kama mtu wa ofisini, lakini peke yake haimtoshi kusajili laini, kwa kuwa usajili kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, unadai kidole cha mwenye namba kigusishwe kwenye kifaa. Namba ya siri na tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe ndizo zinazotoa fedha. Ukiwa unajua kati ya hivyo ni kipi alichonacho mtu huyo, unajua pia umbali aliofika.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu wengi hawaliangalii. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya M-Pesa au ya kadi ya benki ameibeba namba hiyo ya siri juu ya kitambulisho chake mwenyewe, na kila steshenari iliyowahi kumtolea nakala inayo. Ikiwa ndivyo ulivyofanya, ibadilishe kabla ya kuendelea kusoma, na usiweke badala yake siku na mwezi wa kuzaliwa, kwa maana navyo viko palepale.

Kuhusu njia ambazo taarifa hutokea, za kawaida kuliko zote hazina ujanja wowote. Picha ya kitambulisho iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kijana wa steshenari ili aichape hubaki kwenye kompyuta yake mpaka atakapokumbuka kuifuta, ikiwa atakumbuka. Daftari la wakala wa fedha lina jina, namba ya simu na mara nyingine namba ya kitambulisho cha kila aliyetoa fedha siku hiyo, nalo liko wazi juu ya meza, na anayeandika baada yako anaona ulichoandika. Nyumba za wageni zina daftari la namna hiyohiyo. Kisha kuna orodha za wanachama, za vikoba na za mafunzo, ambazo kiongozi mwenye nia njema huzipiga picha na kuzirusha kwenye kundi la watu mia mbili. Nakala utakayotoa kuanzia sasa iandikie kwa kalamu, katikati ya maandishi yake, matumizi yake na tarehe, kwa mfano "kwa maombi ya mkopo wa pembejeo tu". Nakala ya namna hiyo ni vigumu kupelekwa mahali pengine.

Tarakimu za uthibitisho zinaingia bila wewe kuziomba

Sababu ya kawaida ni mtu aliyekosea tarakimu moja alipokuwa akiandika namba yake mwenyewe. Ujumbe wa aina hiyo huja mara moja, kisha kimya. Ukija mara kwa mara, au ukifuatwa na simu ya mtu anayetaka umtajie, basi mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako na amekwama mlangoni. Usimtajie, usimjibu na wala usimtukane, kwani jibu lolote linamthibitishia kwamba namba ina mtu. Soma ujumbe umetoka kwenye huduma gani, kisha ingia mwenyewe kwenye huduma hiyo na ubadilishe neno la siri. Ikiwa ni WhatsApp, fungua mipangilio na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ambao humlazimisha anayetaka kuihamishia akaunti yako kwenye simu nyingine kuweka namba ya siri uliyoichagua wewe.

Namba iliyokupigia au iliyokutumia ujumbe wa kitapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Ni vizuri kuelewa kwamba ripoti hiyo hushughulikia namba ya tapeli. Haikupi kumbukumbu yoyote ya polisi ambayo utaihitaji baadaye iwapo jina lako litatumika kweli.

Laini imekufa ghafla

Dalili hii ndiyo inayotaka haraka kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa zaidi huku kwetu, kwa sababu tumezoea mtandao kukatika. Umeme ukikatika, mnara nao huweza kuzimika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini na mafuriko yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, mtu aliyeishiwa mtandao hakuwa na sababu ya kumshuku yeyote.

Kipimo ni chepesi. Tafuta jirani mwenye laini ya mtandao uleule na uangalie simu yake. Ikiwa naye hana mtandao, ngoja. Ikiwa yeye anao na wewe huna, zima simu yako na uiwashe. Isiporudi, hamishia laini kwenye simu nyingine. Ikiwa bado inaandika kwamba hakuna mtandao, jipigie kwa simu ya jirani. Namba ikiita ilhali simu uliyoishika mkononi iko kimya, laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine, na aliye nayo anapokea ujumbe wako wote, pamoja na tarakimu za uthibitisho za benki. Na hata isipoita, laini iliyokataa kwenye simu mbili mahali ambapo mtandao upo ishughulikie kana kwamba imehamishwa.

Hapo usianze kusimulia. Kwa simu ya jirani wa mtandao huohuo piga 100, namba ya huduma kwa wateja, na uombe laini ifungwe pamoja na akaunti yake ya fedha. Pili, pigia benki yako kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, ukaombe huduma za kibenki za simu zisimamishwe. Tatu, nenda mwenyewe kwenye duka la mtandao husika, ukiwa na kitambulisho na kidole chako, ili laini irudishwe kwako. Anayeishi Nanyamba au Liwale atachukua muda kufika duka kubwa, na ndiyo maana simu mbili za mwanzo hazipaswi kungoja safari. Laini ikisharudi, badilisha namba zote za siri upya, hata zile unazodhani hazijaguswa, kisha uombe taarifa ya miamala ya muda wote ambao laini haikuwa mikononi mwako.

Laini ikirudi bila tatizo lolote la fedha, usiseme aliyeichukua alishindwa. Huenda alichukua tu WhatsApp yako. Jaribu kuifungua, ikikataa kwa sababu ameweka namba yake ya uthibitishaji wa hatua mbili, utalazimika kungoja siku saba ndipo uweze kuingia bila namba hiyo, ila yeye naye atakuwa ameshatolewa mara tu utakapoisajili upya.

Kuna laini usiyoijua kwenye namba yako ya NIDA

Piga *106# na ufuate maelekezo ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa laini ya kila mtandao unaoutumia. Ukiona namba usiyoitambua, usiipigie kwanza. Kaa chini ukumbuke: ile laini uliyomsajilia mdogo wako alipokwenda shule, ya modemu, ya simu ya marehemu baba, ya kijana wa kazi uliyemsaidia kwa kuwa kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka. Nyingi ya namba "ngeni" hupata mwenyewe hapo.

Ikibaki moja isiyo na mwenyewe, kumbuka kwamba usajili ulidai kidole. Kwa kawaida maana yake ni kwamba kidole chako kilikuwepo, na swali linakuwa ni nani uliyempa. Mara nyingi ni kijana anayesajili laini chini ya mwavuli, pale stendi au karibu na soko, aliyekwambia, "Bibi, kidole hakijasoma, weka tena," akakuomba uweke mara ya tatu na ya nne, na katika moja ya hizo akawa anasajili laini nyingine ya kuuza. Ujanja huu unastawi kwetu kwa sababu una kisingizio cha kweli. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na vidole vya mtu aliyebangua kwa miaka mingi, au aliyeshika jembe maisha yake yote, kweli hukataa kusomeka, kwa hiyo mwenye vidole hivyo hashangai kuambiwa arudie. Kinga ni kutazama kioo cha kifaa. Kila unapoweka kidole, muulize msajili inasomeka namba gani ya simu, na usiondoke kabla ya kupiga *106# palepale mbele yake.

Laini ngeni ifutwe kwenye duka la mtandao husika, nawe omba uthibitisho kwamba imefutwa, ujumbe au karatasi, kisha piga tena *106# baada ya siku chache. Kabla haijafutwa, piga picha ya kioo cha simu inayoonyesha namba hiyo na tarehe. Laini ya namna hii ndiyo inayokwenda kutumika kuwaandikia watu "ile hela tuma kwenye namba hii," na siku mmoja wa waliotapeliwa akienda polisi, jina litakalosomeka ni lako.

Unadaiwa mkopo usioukopa, au fedha inakatwa inapoingia

Kuna mambo matatu tofauti hapa, na yanachanganywa kila siku.

La kwanza ni fedha inayokatwa na mtandao mara tu inapoingia kwenye simu. Tazama ujumbe wa makato. Huduma kama Songesha ya M-Pesa hukuongezea salio unapotuma fedha zisizotosha, na mtu aliyebonyeza kukubali bila kusoma huwa amekopa kihalali. Ikiwa hukubonyeza, uliza katika nyumba yako ni nani mwingine anayejua namba yako ya siri. Ni swali lisilopendeza, lakini nalitanguliza kwa makusudi mbele ya swali la matapeli wa mbali, kwa sababu mjukuu anayemsaidia bibi kutoa fedha anacho kila kitu ambacho tapeli wa mbali anakitafuta.

La pili ni vitisho kutoka kwa wakopeshaji wa mtandaoni, wale wa kausha damu. Soma ujumbe vizuri: je, unasema wewe umekopa, au unasema wewe ni mdhamini wa fulani? Programu nyingi za namna hii huchota majina yote kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na marafiki zake ujumbe wa kumfedhehesha. Ikiwa ni hivyo, jina lako halijakopewa. Namba yako imeokotwa kwenye simu ya mtu mwingine, na hudaiwi hata senti moja. Usilipe ili wanyamaze. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni, kwa hiyo angalia kama anayekusumbua yumo. Kutumia namba yako kwa namna hiyo ni jambo unaloweza kulilalamikia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

La tatu, na zito kuliko yote, ni mkopo ulioandikwa kweli kwa jina lako. Mwandikie mkopeshaji barua, siyo simu, ukimtaka aonyeshe mkataba, saini, picha na akaunti ambayo fedha zilitumwa. Akaunti hiyo ndiyo jibu. Omba pia taarifa yako ya mikopo kutoka kampuni yenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza kumbukumbu hizo, kama Creditinfo, ili ujue kama kuna mkopo mwingine usioufahamu. Mkopeshaji mwenye leseni asipokusikiliza, lalamiko linapelekwa kwenye Dawati la Malalamiko la Benki Kuu, ambayo ina tawi Mtwara mjini.

Ndugu wanaombwa fedha kwa jina lako

Angalia kwanza ujumbe umetoka namba gani. Ukitoka kwenye namba ngeni yenye picha yako, tapeli amechukua picha tu, nayo haikuhitaji ujuzi. Wajulishe ndugu, waripoti akaunti hiyo, na inatosha. Ukitoka kwenye namba yako mwenyewe, rudi kwenye sehemu ya laini iliyokufa. Kwa vyovyote vile, anza kumpigia kwa sauti yule ambaye hawezi kukunyima. Ujumbe unaoanza na "Mjomba, nimepatwa na shida" hautafika kwa mtu mgumu.

Mambo hayalingani kwenye AMCOS

Hapa ndipo mikoa yetu inapotofautiana na mingine, kwa sababu korosho, ufuta na mbaazi huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani hukusanywa ghalani kisha kupigwa mnada, na malipo hupita kwenye orodha. Wakulima wa korosho wameandikishwa katika daftari la kidijitali la Bodi ya Korosho, yenye makao yake Mtwara, na pembejeo za ruzuku hutolewa kwa kulifuata.

Malipo yasipofika, muombe karani akusomee akaunti iliyoandikwa mbele ya jina lako, nawe ukiwa umeshika kadi ya benki. Tarakimu moja ikiwa tofauti, au mbili zikiwa zimepishana, ni kosa la kuandika, na linarekebishwa kwa maombi ya maandishi. Akaunti ikiwa sahihi, huenda imelala kwa kutotumika tangu msimu uliopita. Hilo ni la benki. Lakini ikiwa akaunti yote ni nyingine, au benki ni nyingine kabisa, uliza ilibadilishwa lini, na nani, kwa barua ipi, na usikubali kurekebishiwa kimyakimya kabla ya kupewa majibu hayo kwa maandishi. Marekebisho ya haraka mno hufuta njia aliyopitia mtu.

Ukiambiwa salfa yako ilishachukuliwa, omba kuona saini au alama ya kidole iliyo mbele ya jina lako. Wakati mwingine ni ya mwenzi wako. Wakati mwingine ni ya mtu anayeitwa kama wewe, kwani katika kijiji kimoja akina Saidi Hamisi wanaweza kuwa wanne, na hapo namba ya mkulima ndiyo itakayoamua.

Dalili ya kinyume, yaani jina lako kuonekana na kilo nyingi kuliko ulizopeleka, watu huifurahia, na hawapaswi. Mtu ameuza kupitia wewe. Katika msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki uliolenga kuwabaini wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, na mwenye kilo zisizolingana na shamba lake alikuwa na maelezo ya kutoa. Itaje tofauti hiyo mapema, kwa barua kwa AMCOS na nakala kwa chama kikuu. Na kama uliazimisha jina kwa hiari, kwa ahadi ya kugawiwa kidogo, jambo hilo si wizi wa utambulisho wako, na hatua za mwongozo huu hazitakusaidia.

Unaambiwa tayari umesajiliwa

Umekwenda kuomba TIN, namba ya mlipa kodi, na mfumo unasema unayo, au umekwenda kufungua akaunti na benki inasema ipo. Uliza ilifunguliwa tarehe gani na kwa namba gani ya simu. Mara nyingi ni ile uliyoombewa wakati wa kutafuta leseni ya udereva au kununua pikipiki, ukaisahau. Namba ya simu ikiwa si yako, omba ibadilishwe na uombe orodha ya biashara au miamala iliyounganishwa nayo.

Kumbukumbu na polisi

Usifute ujumbe wowote, hata ule unaotia aibu. Andika saa, namba iliyopiga, namba ya muamala na jina la ofisa uliyezungumza naye. Kisha fungua taarifa kituo cha polisi na upewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, hata kama hujapoteza fedha. Watu wengi hurudi nyumbani wakidhani jaribio lililoshindwa halina cha kuripotiwa, ilhali kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba hiyo ya RB, yenye tarehe, ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika kabla ya jina lako kutajwa na mtu mwingine.

Ukipigiwa simu na anayesema ni polisi kuhusu laini yenye jina lako, muulize kituo, cheo na namba ya jalada, ukamwambie utafika kituoni mwenyewe. Askari wa kweli hatadai fedha kwa simu ili kesi ifutwe. Ukienda, nenda na karatasi za kufutwa kwa laini, na ikiwezekana barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Taarifa zilizoibwa hukaa. Aliyepata jina lako mwezi Machi anaweza kulihifadhi hadi Oktoba, fedha zitakapokuwa zinaingia, kwa hiyo *106# ipigwe mwanzoni mwa msimu na mwishoni mwake, na namba za siri zibadilishwe kabla ya mnada wa kwanza. Fanya vivyo hivyo kwa simu ya mzazi aliyeko kijijini, mbele yake, yeye mwenyewe akichagua namba mpya na kuibonyeza huku wewe umegeuza uso.